Mbegu Hii Ilichaguliwa Kwenye Udongo Gani?

Maneno haya yalisemwa Muheza, mbele ya wakulima, maafisa ugani na wenye maduka ya pembejeo, vuli ikiwa inakaribia. Nimeyaandika kwa kuombwa na waliokosa nafasi ya kukaa. Salamu nimezifupisha, vijembe nimeviacha kama vilivyokuwa.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, mabwana shamba na mabibi shamba, nawasalimu kwa salamu zenu zote, za msikitini na za kanisani. Na nyinyi wenye maduka mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nimewaona.

Nimeombwa nizungumzie uzalishaji wa mahindi chotara yanayotumia nitrojeni vizuri. Aliyenialika alitaka nieleze vinasaba, yaani yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya mbegu. Nitavigusa huko mbele. Lakini mtu wa Mkinga au Handeni hanunui kinasaba. Ananunua mfuko wa mbolea na pakiti ya mbegu, kwa hiyo naanzia dukani.

Mfuko wa urea una kilo 50. Nitrojeni iliyomo ni kilo 23. Kilo 27 zilizobaki ni kaboni, oksijeni na hidrojeni, vitu ambavyo mmea unavipata hewani na majini bila mtu kutoa shilingi. Basi unapolipia mfuko, unalipia zile 23. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Raun na Johnson, walipiga hesabu ya nafaka za dunia nzima wakakuta kwamba katika kila kilo 100 za nitrojeni zinazowekwa shambani, ni kama kilo 33 tu zinazovunwa ndani ya punje.

Tuipigie hesabu hapa hapa. Umeweka mfuko mmoja kwenye ekari moja, na shamba lako ni la wastani huo wa dunia. Kilo saba na nusu za nitrojeni zimeingia kwenye punje. Punje ya mahindi ina nitrojeni kama asilimia moja na nusu ya uzito wake. Ukigawanya unapata kilo 500, yaani gunia tano ambazo usingezipata bila ule mfuko. Sasa ije mbegu ambayo badala ya kilo 33 katika 100 inafikisha 43. Mfuko uleule unakupa gunia sita na nusu. Gunia moja na nusu zimeongezeka na mbolea haijaongezwa hata kijiko. Hicho ndicho tunachokitafuta sisi wazalishaji wa mbegu, na saa hii iliyobaki nitaitumia kueleza kwa nini hakipatikani upesi.

Nitrojeni iliyobaki inakwenda wapi? Watu wa ukanda huu mnajua. Ukiimwaga urea juu ya udongo wenye unyevunyevu na jua la saa saba mchana, sehemu yake inageuka gesi ya amonia na kupaa. Ile harufu kali inayokupanda puani ni hela yako inaondoka. Ile iliyoingia ardhini vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti, na naitreti haishikwi na chembe za mfinyanzi kwa sababu zote mbili zina chaji hasi, zinasukumana. Kwenye mchanga wa Pangani au Mkinga, mvua za mwezi wa tano zikikaza siku mbili tatu mfululizo, naitreti inazama chini kuliko mizizi inapofika. Hindi linabaki juu na njano yake, mbolea iko chini yake, na hawakutani tena.

Wazee wa Tanga mjini mnakikumbuka kiwanda chetu cha mbolea, kilichoanza miaka ya 1970 na kufungwa mapema miaka ya 1990. Malighafi yake ilikuja kwa meli. Mpaka leo sehemu kubwa ya urea tunayoitumia inatoka ng'ambo, na bei yake inafuata bei ya gesi asilia. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewa. Njia ya kuigeuza aliipata Fritz Haber mwaka 1909, Carl Bosch akaifanya ya kiwandani mwaka 1913, na njia hiyo inataka joto kali, mgandamizo mkubwa, na hidrojeni ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye gesi. Ndiyo maana vita vikizuka mbali, mfuko unapanda bei Korogwe. Mwaka 2022 tuliliona hilo kwa macho, hadi serikali ikaleta ruzuku. Ruzuku ni jambo jema. Ila haibadilishi zile kilo 33.

Haya, tuingie kwenye mmea.

Mwaka 1982 Moll na wenzake wawili wa North Carolina waligawa ufanisi huu sehemu mbili, na mgawanyo wao unatumika hadi leo. Sehemu ya kwanza ni kunyonya: katika nitrojeni iliyopo udongoni, mmea umechukua kiasi gani? Ya pili ni kutumia: katika ile uliyoichukua, umetoa punje kiasi gani? Mbegu moja inaweza kuwa bingwa wa kunyonya na mvivu wa kutumia. Unaiona shambani: majani meusi ti, bua nene kama mkono wa mtoto, halafu hindi fupi lenye punje za kuhesabu. Nyingine ni kinyume chake.

Na hapa pana mtego ambao wenzangu wengi hawapendi kuutaja mbele ya wanunuzi. Njia nyepesi ya kuongeza punje kwa kila kilo ya nitrojeni ni kutoa punje zenye nitrojeni kidogo. Gunia zinaongezeka, ripoti inapendeza. Lakini protini ya punje hutengenezwa kwa nitrojeni hiyohiyo. Punje yenye nitrojeni asilimia 1.5 ina protini kama asilimia 9.4, ikishuka hadi 1.2, protini inashuka hadi 7.5. Kwa anayeuza kwa gunia hilo halimhusu. Kwa mama ambaye mtoto wake anakula uji asubuhi na ugali usiku, na dagaa ni wa siku za neema, linamhusu sana. Kwamba nitrojeni ya punje inaweza kuvutwa juu au chini kwa kuchagua tu, halina ubishi. Huko Illinois walianza mwaka 1896 kuchagua mahindi kwa kipimo cha protini peke yake, ukoo mmoja kwenda juu na mwingine kwenda chini, na koo hizo zimeachana mbali ajabu. Basi mkisikia mbegu inasifiwa kwamba inatumia nitrojeni vizuri, muulizeni msemaji kuhusu protini. Kama hana jibu, mrudisheni maabara.

Kuhusu chotara wenyewe nitapita haraka, maana mnawajua. Unachukua mahindi, unayachavusha yenyewe kwa yenyewe kizazi baada ya kizazi mpaka unapata koo zilizonyooka lakini dhaifu, vimimea vya kusikitisha. Ukizikutanisha koo mbili zinazofaana, mtoto anatoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili. George Shull alilieleza jambo hilo mwaka 1908. Upande wetu wa dunia, Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ilitoa chotara SR52 mwaka 1960, na Kitale, Kenya, wakatoa chotara H611 mwaka 1964. Nguvu ile iko kwenye kizazi cha kwanza tu, ndiyo sababu ukipanda tena punje ulizovuna unakuta shamba limechanganyikana, huyu mrefu, huyu mfupi, na gunia zimepungua. Muuzaji hakukuibia. Ndivyo chotara alivyo.

Sasa nataka mnisikilize vizuri. Mbegu nyingi za zamani zilichaguliwa kwenye mashamba ya vituo vya utafiti. Mashamba hayo yanapewa mbolea kwa ratiba, yanapaliliwa kwa wakati, na udongo wake hauna njaa. Mtafiti anapanda koo mia kadhaa, anavuna, anachukua zilizoongoza. Zilizoongoza wapi? Kwenye shibe. Kisha pakiti inaletwa kwa mtu ambaye shamba lake limelimwa mahindi juu ya mahindi tangu enzi ya babu, na mbolea aliyonayo ni samadi ya mbuzi wanne.

Kwa muda mrefu tulijibu kwamba mbegu nzuri ni nzuri popote: inayoongoza kwenye shibe itaongoza na kwenye njaa, ila kwa gunia chache zaidi. Ni hoja yenye mantiki, na kwa njaa ndogo ni kweli. Lakini mwaka 1997 Marianne Bänziger na wenzake wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano chenye makao Meksiko, walionyesha mahali hoja hiyo inapokatikia. Upungufu wa nitrojeni ukishusha mavuno kwa zaidi ya asilimia 43, kuchagua mbegu kwenye shamba lililoshiba hakukupi matokeo kama kuchagua palepale penye njaa. Yaani orodha ya washindi inabadilika. Aliyekuwa wa kwanza kule anaweza kuwa wa kumi huku.

Asilimia 43 ni kitu gani kwetu? Kama ekari yenye mbolea inatoa gunia 16 na ile isiyo na mbolea inatoa saba, umeshapoteza zaidi ya nusu. Niambieni nyinyi, ni mashamba mangapi ya Handeni na Kilindi yameuvuka mstari huo?

Kwa hiyo baadhi yetu tukaanza kutengeneza mashamba yenye njaa kwa makusudi. Unapanda mahindi msimu hadi msimu bila chembe ya nitrojeni, unavuna, kisha unaondoa mabua na majani yote, hakibaki kitu. Fosforasi na potasiamu unaziweka, ili njaa iwe ya aina moja. Unaendelea hivyo mpaka mavuno yashuke yafike robo au theluthi ya shamba lenye mbolea. Jirani akipita anadhani mtafiti amerukwa na akili: mshahara analipwa, shamba analiua. Lakini shamba hilo ni chombo cha kazi na lina thamani kuliko gari la ofisi. Mtu akiingia usiku na toroli ya samadi kwa huruma, ameharibu kazi ya miaka.

Ugumu wake ni kwamba njaa haikai sawasawa. Palipokuwa na kichuguu mahindi yanakoza rangi. Palipochomwa kuni mwaka juzi, vilevile. Palipofungwa ng'ombe, usiseme. Shambani kwenye mbolea tofauti hizo zinafunikwa. Kwenye njaa zinajitokeza zote, na unashindwa kujua kama ukoo huu umefanya vizuri kwa damu yake au kwa bahati ya kupandwa kwenye mavi ya ng'ombe wa zamani. Ndiyo maana tunarudia ukoo mmoja mara nyingi sehemu mbalimbali za shamba, na ndiyo maana kazi inakwenda polepole.

Kwa kuwa gunia peke yake linadanganya, tunaangalia na dalili nyingine. Nitazieleza kwa kirefu maana nanyi mnaweza kuziangalia mkiwa na jembe mkononi. Ya kwanza ni muda kati ya ua la dume na ndevu za hindi. Mmea ulioshiba, mbelewele ya juu ikianza kumwaga chavua, ndevu zinatokeza siku mbili tatu baadaye. Mmea wenye njaa unachelewesha ndevu. Ukizichelewesha wiki nzima, chavua imeshakwisha shambani, na hindi linatoka na mapengo au halitoki kabisa. Ukoo ambao ndevu zake haziogopi njaa ni wa kuwekwa alama. Ya pili ni mabua yasiyozaa: hesabu mimea 50 mfululizo, angalia mingapi haina hindi. Ya tatu ni majani ya chini. Nitrojeni ikipungua mmea unaihamisha kutoka kwenye majani ya zamani kwenda juu, ndipo unaona njano inayoanzia nchani mwa jani la chini na kuingia ndani kufuata mshipa wa katikati. Ukoo unaobaki kijani muda mrefu baada ya kutoa ndevu mara nyingi bado mizizi yake inafanya kazi, bado inanyonya wakati wenzake wameshaanza kujila wenyewe.

Tumefika wapi? Nitawapa namba, nanyi mzipime. Wataalamu wa CIMMYT walichukua chotara wa Afrika Mashariki na Kusini wa kati ya mwaka 2000 na 2010, wakawapanda pamoja walinganishe wa zamani na wapya. Kwenye shamba zuri, mavuno yaliongezeka kama kilo 109 kwa hekta kila mwaka wa kazi ya uzalishaji. Kwenye nitrojeni haba, kilo 21. Kwenye ugonjwa wa milia ya mahindi, ule wa virusi unaochora majani mistari, kilo 141.

Namba hiyo ya milia ina asili yake karibu na tulipo. Hapo juu Amani, kwenye kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, Mwingereza H. H. Storey alifanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1920, na mdudu anayeeneza milia alikuwa miongoni mwa mambo aliyoyachunguza. Akaonyesha kwamba hata uwezo wa mdudu huyo kueneza ugonjwa unarithiwa. Miaka mingi baadaye wenzetu wa Ibadan, Nigeria, wakafuga wadudu hao kwa maelfu na kuwamwaga juu ya mahindi makusudi, anayekufa afe, anayebaki ndiye mbegu. Hapa nchini tukapata mbegu zinazohimili milia, Staha na TMV-1, miaka ya 1980. Milia ilishindwa kwa sababu watu walikubali kuchagua ndani ya ugonjwa, na kwa sababu ukinzani wake unabebwa na vinasaba vichache vyenye nguvu. Nitrojeni inabebwa na vinasaba vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo. Hapo ndipo tofauti ya 141 na 21 inapotoka, pamoja na sababu nyingine isiyo ya kisayansi: mashamba ya njaa ni machache na fedha zake ni haba. Mwaka 2010 ulianza mradi wa mahindi kwa ajili ya udongo wa Afrika, CIMMYT pamoja na watafiti wa Kenya, wa Afrika Kusini na kampuni ya mbegu ya Pioneer. Ulisogeza mambo. Hata hivyo kilo 21 kwa hekta ni kama kilo nane na nusu kwa ekari, chini ya nusu debe kwa mwaka. Mkulima hawezi kuiona kwa macho, na anayemwahidi miujiza anamdanganya.

Kuna jambo moja limetoka hapo karibuni ambalo kwangu linavutia kuliko mengine. Mbelewele inakula. Kutengeneza chavua kunataka nitrojeni, na kunatokea wakati uleule hindi linapoanza kuumbwa, basi hindi linagombea chakula na ua la dume la mmea uleule. Shamba lina chavua mara nyingi kuliko inayohitajika. Watafiti walipata kinasaba kinachoitwa Ms44 ambacho badiliko lake dogo linazuia chavua isitengenezwe. Ukipangilia uzazi vizuri, mkulima anapata mbegu ambayo nusu ya mimea inatoa chavua na nusu haitoi. Nusu inayotoa inatosha kuchavusha shamba zima. Nusu nyingine inapeleka chakula kwenye hindi. Kwenye majaribio ya Kenya, Zimbabwe na Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka 2022, mbegu za namna hiyo ziliongeza kama kilo 200 kwa hekta kulinganisha na chotara walewale wasio na badiliko hilo. Ni kilo 80 kwa ekari. Na mzalishaji wa mbegu naye anapunguziwa kazi ya kukata mbelewele kwa mikono, kazi ambayo vibarua wakiifanya hung'oa na majani mawili matatu. Mkija kuiona shambani msishtuke, nusu ya mbelewele zitakuwa kavu kama fagio. Si ugonjwa.

Kijana mmoja kanionyesha kwenye simu mahindi ya Oaxaca, Meksiko, yenye mizizi ya juu inayotoka kwenye bua na kudondosha ute mzito. Ni kweli yapo. Utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kwamba bakteria walio ndani ya ute ule wanaikamata nitrojeni ya hewani, na mahindi hayo yanapata kutoka huko kati ya asilimia 29 na 82 ya nitrojeni yake. Yanazidi mita tano kwa urefu na yanachukua miezi kama minane kukomaa, kwenye milima yenye mvua ya kila mara. Masika yetu yakizidi miezi mitatu tunashukuru. Kuiingiza tabia hiyo kwenye mahindi ya siku 100 si kazi ya leo wala kesho. Kijana, iangalie hiyo video, lakini nunua mbegu.

Mzee wangu wa Handeni hapa mbele amenikatiza tangu mwanzo akitaka nijibu kuhusu mbegu ya kienyeji, na ana haki. Anasema kwenye shamba lake lisilo na mbolea, mbegu yake ya miaka yote haijapitwa na chotara wa dukani. Mzee, nakuamini kuhusu yule chotara uliyempata. Inawezekana kabisa alichaguliwa kwenye shibe. Chotara waliochaguliwa kwenye njaa huwa na nguvu hata kwenye njaa, lakini tupige hesabu ya fedha. Ukivuna gunia nne kwa ekari, nyongeza ya asilimia 20 haifikii gunia moja, na kilo nane au kumi za mbegu chotara umezilipa kabla. Kwa gunia nne sikulaumu ukibaki na yako. Tena punje yako ni ngumu, dumuzi anaisumbukia, na mama watoto anajua kuikoboa. Shida si kwamba una mbegu ya kienyeji. Shida ni hizo gunia nne.

Na hapo ndipo nawageukia wanaofurahia mbegu hizi kupita kiasi, wakiwemo baadhi ya wafadhili. Wapo wanaosema: tukipata mahindi yanayotumia nitrojeni vizuri, mkulima maskini hatahitaji mbolea. Nakataa. Gunia 15 za mahindi zinaondoka shambani na nitrojeni kilo 22 na nusu, karibu mfuko mzima wa urea, na hapo hatujahesabu mabua tunayoyachoma. Mbegu hodari wa kunyonya kwenye udongo usiolishwa ni mvuvi aliyepata wavu wenye matundu madogo zaidi: miezi ya kwanza anarudi na ngalawa imejaa, lakini hori ni lilelile. Udongo ukichoka zaidi, kiduha kinaingia, lile gugu lenye maua mekundu linalopenda mashamba yenye njaa, na hapo hakuna chotara wa kukuokoa. Mbegu hii inafaa kwa mtu mwenye mfuko mmoja ambaye angehitaji miwili. Kwa mtu asiye na mfuko, aanze na kunde, mbaazi, samadi, na kuacha kuchoma mabua. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja mwaka 2006 kwamba tufike kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Mwaka huo ulipita na nyingi hazikufika. Si kazi ya mbegu kulipa deni hilo.

Wenye maduka, sasa naomba mgeuze viti. Mteja akishika pakiti, akaikwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, akaona ni halali, ameshajua kwamba ni mbegu kweli. Hajajua kama inafaa shamba lake. Pakiti imeandikwa mavuno ya juu kabisa kwa ekari, namba iliyopatikana kwenye shamba ambalo mteja wako hana. Natamani kampuni zilazimishwe kuandika namba mbili, ya shamba lenye mbolea na ya shamba lisilo nayo. Nimelisema hili kwenye vikao vya watu wenye tai na nikaambiwa litawachanganya wakulima. Mkulima anayejua bei ya mahindi ya masoko matatu kwa siku moja atachanganywa na namba mbili?

Mpaka walazimishwe, tuzitafute wenyewe. Vuli hii kila kata iliyokuja hapa ichague shamba moja la kawaida, si la mwenyekiti wala la kando ya zizi. Pandeni mbegu tatu: chotara mmoja wa dukani, wa pili ambaye muuzaji wake anasema alijaribiwa kwenye nitrojeni haba, na ya kienyeji. Kila mbegu ipate mistari sita yenye mbolea ya kukuzia na mistari sita isiyo nayo. Mbolea ya kupandia yenye fosforasi wekeni kote. Urea ifukieni, sentimita tano au zaidi, kando ya mmea, igaweni mara mbili, mara ya kwanza mahindi yakifika magotini na mara ya pili kabla ya mbelewele. Rudieni mpango huo sehemu tatu za shamba kwa sababu ya vichuguu nilivyovisema. Bwana shamba aandike siku ndevu zilipotoka, na mabua mangapi hayakuzaa.

Wakati wa kuvuna acheni mistari ya pembeni, pimeni ya katikati tu. Pukuchueni kwanza, kausheni mpaka punje ivunjike ukiiuma, ndipo mpime kwa mizani, si kwa debe, maana debe la mahindi mabichi na debe la makavu ni vitu viwili. Daftari zije kwangu kabla ya masika, hata za kata ambayo nguruwe wamekula nusu. Andikeni tu kwamba wamekula. Nikishazijumlisha, namba za kila wilaya nitazirudisha, na wenye maduka wakubali zibandikwe ukutani, karibu na pale mnapobandika bei.